Kadi ya Festo

Jumanne, 11 Juni

Mipira mia kabla ya kwenda kazini. Shamba la viazi nyuma ya Iyunga, hapa Mbeya, limeshavunwa, mwenyewe kaniruhusu nifanyie mazoezi. Baridi kali. Vidole havikunjiki. Goti la kulia limevimba tena. Miaka hamsini na mbili, napiga mpira wa gofu kwenye matuta. Wapita njia wanasimama kunishangaa. Washangae.

Nimejaza fomu ya mashindano ya Iringa. Penye "mchezaji wa kulipwa" nimeweka tiki. Miaka tisa sijaiweka.

Ijumaa, 21 Juni

Orodha imetoka. Festo yumo.

Niandike mara moja, nisirudie tena. Miaka tisa iliyopita, Iringa, siku ya mwisho, nilikuwa naongoza. Kwenye gofu hujiandikii alama. Mwenzako anakuandikia kwenye kadi, wewe unahakiki na kusaini. Festo ndiye aliyeniandikia. Shimo la kumi na nne nilipiga mikwaju mitano, yeye akaandika minne. Nikasaini bila kusoma. Kisha akawaambia wakubwa wa mashindano kwamba nilimwomba anipunguzie. Nikafutwa, nikafungiwa miaka miwili. Kombe akachukua yeye.

Mwizi. Waliniita hivyo hadi huku Ilomba, hadi kanisani. Adhabu ilipoisha sikurudi. Aibu. Miaka yangu mizuri ya mchezo imeishia dukani, nikipima nondo za watu.

Kombe silitaki. Namtaka yeye.

Alhamisi, 27 Juni

Nimefika Iringa. Safari ndefu, goti limekuwa kama mti. Tusajigwe, mke wangu, alinifungia chapati na parachichi. Mlangoni akasema, "Baba Lusajo, kacheze tu. Usiende kugombana na mtu."

Nikaitikia. Nilimdanganya.

Ijumaa, 28 Juni

Mikwaju sabini na sita. Si mibaya. Vijana wananiacha mbali kwa nguvu, lakini karibu na shimo nguvu si kitu. Wawili walinipongeza. Wakaniita mzee. Sikupenda.

Nimemwona Festo. Amezeeka vibaya. Kila akipiga anamuuliza mbeba mkoba wake mpira umeangukia wapi. Macho yamekwisha. Alipita karibu yangu bila kunitambua.

Kesho tumepangwa pamoja. Kadi yake nitaandika mimi. Nimesoma ubaoni mara tatu. Nina furaha mbaya.

Jumamosi, 29 Juni

Nimefanya.

Asubuhi nilijitaja jina. Akanipa mkono, akanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, kaka. Sikujua kama utarudi." Nikampa mkono. Nilitaka kuuvunja.

Mashimo kumi tulicheza kama watu wasiojuana. Nilikuwa nacheza vizuri kuliko nilivyotegemea, na sikufurahia hata mkwaju mmoja. Shimo la kumi na moja mpira wake ulizama kwenye mchanga. Akatoka kwa shida. Mikwaju mitano. Niliandika minne. Nilikuwa nimeipanga hila hiyo tangu Mbeya. Asaini, nimshitaki, afutwe mbele ya watu wote. Mzee asiyeona kadi, nani angemwamini?

Tukamaliza. Mezani kwa karani wa mashindano Festo akanirudishia kadi. "Nisomee, kaka. Maandishi haya madogo siyaoni."

Karani anasikiliza. Nikasoma shimo moja moja. Kufika la kumi na moja sikuinua macho. Nikasema, "Nne."

"Hapana," Festo akasema. "Pale nilipiga tano. Mchangani."

Karani akaniangalia. Nilihisi joto hadi masikioni. Festo akacheka kidogo. "Macho yetu sote yamechoka. Karani, rekebisha tu." Karani akarekebisha. Festo akasaini.

Nje, nyuma ya jengo, akanisubiri. Aliongea taratibu. "Leo hukukosea. Najua, kwa sababu hata mimi siku ile sikukosea. Ulikuwa unanishinda kila mwaka. Nilichoka."

Miaka tisa nilitaka kusikia hayo. Nikadhani nitampiga. Nikasema, "Nenda ukawaambie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Wote wakiwepo."

Akaenda. Alipapasa ngazi kwa mguu. Nikamfuata hadi mlangoni. Akasimama mbele ya mwenyekiti wa mashindano na wachezaji, akasema yote ya miaka tisa iliyopita. Ya leo hakuyasema. Mtu mmoja akamzomea. Mwenyekiti akaniita mbele, akaniomba radhi. Watu wakapiga makofi. Festo alikuwa amesimama pembeni, anatafuta mlango.

Niliyapokea makofi. Mdomo sikuufungua.

Jumapili, 30 Juni

Ndani ya basi. Nimekuwa wa nne. Kwa umri huu, watu wanasema ni maajabu. Simu inaita tangu Makambako. Sipokei.

Nilitaka adhalilike, amedhalilika. Mbona sijashiba?

Jumatano, 3 Julai

Tusajigwe ameshawaambia watu wote. Ameweka kitambaa kipya mezani kwa ajili ya wageni wanaokuja kunipongeza. Dukani bosi kanipa mkono. Jirani aliyeacha kunisalimia amekuja na mkungu wa ndizi. Nimemshukuru.

Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie Tusa kuhusu shimo la kumi na moja. Mara mbili nimeomba chumvi.

Jumapili, 7 Julai

Ibada ya pili. Mchungaji alinialika nitoe shukrani. Nikasimama mbele. Nikasema jina langu limesafishwa, Mungu ametenda haki. Waumini wakaitikia amina. Kina mama wakapiga vigelegele.

Nikarudi kukaa. Tusa alikuwa analia, akanishika mkono. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mbona una baridi hivyo?" Nikamwambia ni hewa ya Julai. Akavua kitenge chake, akanifunika.