Usiseme "Sina Dai" Mbele ya Hakimu

Mwenzangu, nimeshinda! Ile hukumu ya zamani ya deni la duka imefutwa. Hakimu amekubali kwamba sikuwahi kuitwa mahakamani.

Lakini ngoja nikwambie nilichofanya. Mpaka sasa siamini.

Hakimu akaniuliza, "Mama, unaomba gharama za kesi?" Nikaona haya. Nikasema, "Hapana mheshimiwa, sina dai, nashukuru sana."

Sina dai! Mimi niliyeuza cherehani nimlipe wakili wa kuniandikia zile karatasi za kuomba hukumu ifutwe!

Kule nje karani akaniambia, "Ungesema ndiyo tu, mama, wale waliokushtaki wangekurudishia." Nikamsihi aniruhusu nirudi ndani. Akasema, "Imeshaandikwa."

Sasa kesi yako wewe ni Alhamisi. Nakuomba, ukiulizwa sema ndiyo, naomba gharama, na risiti uwe nazo mkononi. Kushukuru utashukuru ukifika nyumbani.

Mimi nimeshafika. Watoto nimewapigia wote, hawapokei. Pale ilipokuwa cherehani pamebaki alama za miguu yake sakafuni. Nimeweka kiti hapohapo, nimejisomea hukumu yangu kwa sauti mara mbili.

Ukiona ujumbe huu nipigie, hata kama huna la kusema.