Vibao vya Glasi Vilivyofunika Chai

S.L.P. 71,
Kitengela.
14 Machi 1999.

Mpendwa dada Nanjala,

Pokea salamu zetu sote, wewe na watu wako wa Gaborone. Je, kifua cha shemeji Isaac kimetulia? Na Cindy anaipenda shule mpya? Sisi tu wazima. Mvua bado, na vumbi la Kitengela tunalila pamoja na ugali.

Jana wazazi wa Lemein, mchumba wa binti yetu Sheryl, walikuja na jamaa wachache kutoka Kimuka kuiona nyumba yetu kabla ya kuposa rasmi. Lemein alikuwa ametuonya kwamba baba yake, Mzee Metito, hajakubali mke asiye Mmaasai. Wewe ndiwe shangazi wa msichana, senge kama tusemavyo kwetu, na shangazi asipokuwapo siku kama hiyo, pengo lake huonekana. Nakueleza yalivyotokea, ingawa mimi mwenyewe sijayaelewa yote. Nimeripoti mikutano mingi, lakini sijawahi kutoka kwenye mmoja nikiwa gizani hivi.

Tumenunua meza, na Keziah wangu hataki iwe na alama za vikombe. Vibao vya kuwekea glasi vya dukani ni ghali, basi Sheryl akatengeneza vyake. Alichora miduara kwenye katoni kwa kuzungushia kopo, akaikata, akabandika mitatu mitatu kwa uji mzito wa unga wa ngano na kuikandamiza kwa mawe hadi ikakauka. Akaivisha mabaki ya kitenge aliyoomba kwa fundi wa nguo, akashona shanga ukingoni, kisha akapaka vanishi maji yasipenye. Vilipendeza.

Wageni walipoketi, Sheryl alipanga vibao mezani, akampa kila mmoja chai mkononi kwa heshima, kama tulivyomfundisha. Mzee Metito aliokota kibao, akakigeuza, akasema, "Hii shanga imepangwa na mtu anajua." Kisha akaweka kikombe kwenye meza tupu na kukifunika kwa kile kibao. Wengine wote wakafanya vivyo hivyo.

Unajua kwetu mgeni akifunika kikombe kabla ya kuonja maana yake nini. Keziah aliniita jikoni.

"Baba Sheryl, wamekataa chai."

"Labda ni moto."

"Moto gani? Si waseme tu hawataki mtoto wangu!"

"Siwezi kuwauliza. Ni wageni."

"Na wewe ndio mwandishi wa habari! Kazi yako si kuuliza watu maswali?"

Sheryl alisimama kando ya jiko akiikunja na kuikunjua taulo ya vyombo.

Nikarudi sebuleni. Tukazungumza kuhusu ukame, ng'ombe, na barabara ya Kona Baridi. Hakuna aliyegusa kikombe. Nilikuwa naanza kutafuta maneno ya kuwaagia, mama yake Lemein, Naipanoi, akanitazama.

"Baba Sheryl, kwani nyinyi hamuombeangi chai?"

Kumbe wao walikuwa wananingoja mwenye nyumba niombe, nami nilikuwa namngoja Mzee Metito kwa kuwa ndiye mkubwa. Walikuwa wamefunika chai isipoe, na nzi wasiingie! Niliomba maneno machache. Chai ilikuwa imepoa, wakainywa hivyo hivyo, wakaongezwa.

Mpaka wanaondoka, Mzee Metito hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu chai ilikuwa nzuri. Lakini mlangoni Naipanoi alimshika Sheryl mkono akamwambia, "Hizo vifuniko utakuja nazo. Kwangu nzi ni mingi."

Keziah anasema hilo ndilo jibu. Mimi nasema neno la mama si neno la Mzee, tungoje. Wewe umekaa na watu wengi kuliko sisi. Niambie, hilo ni jibu?

Sheryl hajamwuliza mtu. Leo baada ya kanisa amekata katoni nyingine, na katikati ya kila kibao ameshona ushanga mkubwa wa kukiinulia. Glasi haiwezi tena kusimama juu yake.

Nisalimie Isaac na Cindy. Mama anakuombea kila jioni. Mungu akulinde kazini na barabarani.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Nashon Wanyama