Mama, Kuku Wale Walikuwa Wako

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, ila sitaki useme mji umenisahaulisha kuamkia. Ni mimi, kitindamimba wako. Bado nipo hapa Igogo, kwenye nyumba yako juu ya mawe, na bado naamka mapema kuwafungulia kuku kama ulivyonizoesha. Nakuandikia kukuambia nilichofanya Jumapili iliyopita mbele ya kaka Magesa. Utakasirika kwanza, lakini soma hadi mwisho.

Naanzia siku ya kuanua matanga yako. Kaka alisimama uani, mikono nyuma kama Baba alivyokuwa akisimama, akasema, "Kuku wa mzee wachinjwe wote, watu wale, tumalize." Kuku wa mzee! Baba alikuwa ametutoka miaka mingi kabla yako, na hata alipokuwa hai sikumbuki kumwona akiwarushia kuku punje moja. Wewe ndiye uliyejua kila tetea anataga kwenye pango la jiwe gani. Lakini kwetu mwanamke ndiye anayefuga na mwanamume ndiye mwenye kuku. Nilinyamaza kama mtoto wa kike anavyofundishwa kunyamaza. Kisha nikaingia jikoni, nikamfunika yule kishingo wako, tetea asiye na manyoya shingoni, pamoja na vifaranga wake tisa chini ya tenga, nikatandika kanga juu, nikaketi. Mashangazi walinionea huruma, wakasema majonzi yamenilemea hata kusimama siwezi. Niliwaacha waseme.

Hao kumi ndio niliobaki nao. Nikaanza kuwalea kwa njia zako, bila duka. Nilichukua chungu kibovu, nikakijaza samadi kavu na mabua, nikakiinamisha juu ya kichuguu, na asubuhi mchwa walikuwa wamejaa. Niliponda maganda ya konokono wa ziwani ili mayai yasiwe laini. Majivu niliyamwaga shimoni waogee chawa waondoke. Wakiharisha, nilikata jani la shubiri nikalitumbukiza kwenye maji yao. Jirani alinicheka. "Siku hizi watu wanafuga kisasa, dada, wewe unaloweka majani?" Nikamwambia kuku wangu hawajui kusoma, hawajui mwaka huu ni wa ngapi.

Majigambo yangu hayakufika mbali. Masika yalipokolea nilishuka mwaloni, ziwani wanakoanika samaki, kununua uchafu wa dagaa, zile chengachenga zinazofagiliwa chini, nikachanganya na pumba kama ulivyokuwa ukifanya. Siku ya pili vifaranga walianza kunywa maji bila kukoma. Wakayumba, wakalala ubavu. Nikakimbilia mwarobaini, nikakimbilia kitunguu saumu, nikawanywesha hadi mkono ukanuka wiki nzima. Watano walikufa. Nilipokuwa nawafukia nikalamba kidole changu kwa bahati mbaya, na kilikuwa chumvi tupu. Wakati wa mvua dagaa hawakauki, wanawake wa mwaloni huwatia chumvi wasioze, na chumvi hiyo humuua kifaranga.

Hapo ndipo nilipokukumbuka umechuchumaa uani, ukitia dagaa mdomoni kabla ya kuwachanganyia kuku. Nilipokuwa mdogo nilidhani unadokoa mboga kwa siri, na siku moja nikakushitaki kwa Baba. Hukujitetea. Ulinitazama tu, ukatema, ukaendelea na kazi. Kumbe ulikuwa unawaonjea. Kila siku, Mama, ulionja chakula cha kuku, na kuku mwenyewe hukumwonja hadi unaingia kaburini.

Wanne waliobaki pamoja na mama yao niliwalea kama mayai mkononi. Wakakua, wakaanza kuzaa. Kisha mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ukapiga hodi mtaani. Kwa jirani wa chini kuku wakaanza kupinda shingo, na ndani ya siku chache banda lake likawa tupu. Hapa nilikuasi kwa mara ya kwanza. Wewe ulisema, "Kuku wangu hawajui dawa ya duka, mwarobaini upo." Mara mbili nikiwa shuleni kuku wako wote waliteketea, na mara zote mbili uliita upepo mbaya. Mama, mwarobaini wako nauheshimu, lakini mdondo hauusikii. Nilimwita bwana mifugo wa kata. Akawatia wangu, ambao bado walikuwa wazima, tone moja la chanjo jichoni kila mmoja, mimi nikiwashika, akaniambia atarudi kila baada ya miezi mitatu. Hakuna aliyekufa. Nimebaki na shubiri na nimeongeza tone, na kama hilo linakuudhi, njoo unipige.

Sasa nifike kwenye la Jumapili, ila kwanza lile yai.

Unalikumbuka. Daktari alikwambia damu yako imepungua, ule mayai, ule maini, ule kuku kama unaye. Kama unaye! Uani kulikuwa na matetea wanaotaga wasiohesabika. Nilikuchemshia yai moja, nikalimenya, nikakuwekea kiganjani. Ulicheka. "Uzee huu ndio nianze kula mayai? Bibi yako angefufuka." Nikakubembeleza, nikakugombeza, nikatoka nje kulia. Niliporudi ulikuwa bado umelishika, limepoa kabisa, na ukamwita mwanangu Neema ukampa. Huko kwa bibi, upande wa Mara, mwanamke hali kuku wala yai, na wewe uliitunza sheria hiyo hadi ukabaki ngozi na mifupa kitandani. Nimekasirika nayo tangu siku hiyo. Hata nawe nimekasirika, nisikufiche.

Na hata mimi niliyekulia mjini, uliyeniruhusu mabawa na shingo, firigisi ulininyima. Nilikuwa na miaka saba nikaiopoa sufuriani, ukanipiga mkono. "Hiyo ya baba yako. Mtoto wa kike akila firigisi anakuwa mbishi, nani atakuoa?" Baba alipofariki, ikahamia sahani ya kaka, naye alikuwa bado hajaota ndevu. Ubishi ulikuja hata hivyo, bila firigisi.

Jumapili tulikuwa na misa yako ya kumbukumbu. Kaka alikuja kutoka Buzuruga na mkewe, mama Zawadi. Nilichinja jogoo, mtoto wa kishingo, mmoja wa wale wanne. Nikampika kwa nyanya na kitunguu, bila makeke, nikapakua. Kaka alikoroga bakuli kwa kijiko, akakoroga tena.

"Firigisi iko wapi?"

"Iko hapa," nikasema. Ilikuwa kwenye sahani yangu.

Mama Zawadi akainamisha kichwa. Nikaikata vipande viwili, kimoja nikampa Neema.

"Unajua unachofanya wewe?"

"Najua, kaka. Nimemlea tangu yuko chini ya tenga."

"Tenga gani?"

Nikamsimulia: tenga, kanga, na mashangazi walionionea huruma. Nikamwambia kuku wale hawakuwa wa mzee hata siku moja, walikuwa wa Mama, na kwamba aliwachinja wa Mama akawaita wa Baba mbele ya watu wote. Akasema, "Mama hakuwahi kufanya mambo kama haya." Nikamjibu, "Ndiyo maana nayafanya."

Kisha nikaila. Sikiliza, Mama, nikuambie, maana hakuna aliyewahi kukuambia. Haina lolote. Ni ngumu kidogo, unaitafuna hadi taya zinachoka, na ladha yake ni ya kuku tu. Nilingoja nione labda kuna siri. Hakuna siri. Kwa ajili ya kitu hiki ulinipiga mkono, na kwa ajili ya sheria hiyo hiyo ulikaa na yai kiganjani hadi likapoa. Machozi yalinitoka, na kaka akadhani nimejuta. Sijajuta.

Neema akauliza, "Bibi naye alikuwa anaipenda?" Kaka ndiye aliyemjibu, polepole, "Bibi yako hakuwahi kuionja." Kisha akaweka kijiko chini.

Walipokuwa wanaondoka kaka akaniita pembeni. Alitaka tetea mmoja wa kwenda kufuga nyumbani kwake. Nikamkamata mzuri, wa kahawia, nikampita kaka, nikamkabidhi mama Zawadi mkononi. "Huyu ni wako wewe," nikamwambia. "Dagaa uwaonje kwanza. Na akitaga, ule." Alimkumbatia yule tetea, akamtazama mumewe, kisha akaniambia asante kwa sauti ya kusikika.

Lala, Mama. Chanjo nyingine ni mwezi ujao, nami nitawashika kama kawaida. Kishingo wako amezeeka lakini bado anataga. Safari hii ametaga kumi na mawili, nikamwachia kumi na moja aatamie. La kumi na mbili nimelichemsha leo asubuhi, nikalila likiwa bado la moto, kwa niaba yako.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
yule mbishi.