Buni Ulizozikataa, Tata

Tata, baba yangu mpendwa,

Jana jirani alikuja mbio kuniambia kwamba fulani wa Kagondo anauza kibanja chake. Kabla sijafikiri, maneno yako yakanitoka: "Umeona au umesikia?" Alikuwa amesikia. Nikacheka peke yangu, nikakukumbuka.

Ndiyo ilikuwa kazi yako miaka yote pale bomani Bukoba: kusoma taarifa za wapelelezi, kupembua ukweli na porojo, kisha kumweleza bwana mkubwa Mwingereza la kuamini. Watu husema lisemwalo lipo. Methali hiyo ilikuudhi. Ulisema mengi yasemwayo hayapo, ila yana wabebaji. Ni wangapi walilala kwao salama kwa sababu uliandika kwamba habari zao ni uvumi mtupu? Sijui, na wao hawakujua. Walichojua ni kwamba ukiingia nyumba ya mtu, ukaletewa kikapu cha buni za kutafuna, kahawa ya kumkaribishia mgeni, wewe hugusi. Mhaya anayekataa buni! Kibeta nzima, kijijini kwetu, ilikuita mwenye maringo, na wengine walikuita majina mabaya zaidi.

Mimi ndiye niliyeyalipia hayo. Festo aliponiposa, baba yake kule Muleba alikataa katakata. Uliwahi kufika kwake kwa shughuli za serikali, ukazikataa buni zake mbele ya wageni. Alisema hawezi kumwoza mwanawe binti wa mtu aliyemwona yeye hafai kula naye. Nililia, Tata, na nilikuchukia. Mama ndiye aliyekupakulia ndizi siku zile, maana mimi sikutaka hata kukutazama. Hukujitetea.

Ulipostaafu, wiki ileile ulivaa kanzu na koti, ukaniambia tufuatane Muleba. Mzee yule alitukaribisha kwa baridi, wala hakuagiza kikapu. Ukakiomba mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke. Nani huomba buni nyumba ya watu? Akakuuliza kimebadilika nini.

"Mzee mwenzangu," ukamjibu, "nikishakula buni zako siwezi tena kuandika habari zako. Na kazi yangu ilikuwa kuandika. Sasa nimeiacha."

Mzee akauliza kama uliwahi kuliandika jina lake. Ulisema ndiyo, uliliandika, na uliloandika lilikuwa kweli. Nikajua posa yangu imekufa palepale. Lakini mzee hakuuliza zaidi. Alimwita mkewe, akamwambia alete kikapu. Ukatafuna, Tata, ukatafuna mpaka nikaona aibu, na yeye akaanza kucheka.

Nakushukuru kwa ndoa yangu na kwa wanangu. Zaidi nakushukuru kwamba hukula na watu huku unawaandika, kama walivyofanya wenzako wengi, wakapendwa. Nilidhani unawadharau majirani. Kumbe uliwaheshimu, ukakubali kukaa peke yako miaka yote ile. Nisamehe kwa kuchelewa kuelewa.

Siku tuliyokuzika, nilimpelekea baba mkwe kiti, akae pamoja na wageni waliotoka mbali. Alikirudisha. Aliniambia yeye hapa si mgeni, akaenda kuketi chini kwenye nyasi, katikati ya ndugu zako.

Lala salama, Tata.

Binti yako,
Koku