Nani Iko

Jumatatu, 2 Juni 2025
Baridi kali. Makoti mawili. Lakini leo nimefurahi mno – jina la Zakari lilikuwa kwenye menyu kutoka asubuhi hadi jioni! Tangu Januari mume wangu yuko mji wa Kolwezi, anaangalia tawi dogo la imprimerie, kiwanda cha kuchapa, ya bosi wetu Maman Albertine, na siku hizi simu yake haipatikani. Bahati, programu niliyoiandika inaunganisha kompyuta za kule na zetu hapa Kenya, mtaa wetu, si ile nchi. Ukifungua menyu ya «Nani iko», unaona walio kazini. Nilikuwa nimeiita «Connectés» kwa Kifaransa, Maman akakataa, watu hawataelewa: «Tia Nani iko, bantu basikie!»
Nimemtumia Zakari ujumbe, tena na tena. Hakujibu. Nikasema ana kazi nyingi.

Jumanne, 3 Juni
Aibu! Papa Osée wa mashine ya kukata karatasi amempigia simu mlinzi wa Kolwezi. Kumbe jana Zakari alitoka asubuhi ileile, hakurudi. «Rachida, menu yako inasema bongo!»
Kweli inadanganya. Kosa langu. Majina yanaingia mara moja tu, programu inapowashwa. Mtu akiondoka, jina linabaki pale siku nzima. Kwa hiyo jana nilikuwa naongea na jina tupu. Nimecheka mbele ya Papa Osée, kisha nikaenda kulia chooni.

Jumatano, 4 Juni
Imekwisha. Sasa kila ukifungua menyu inajijenga upya: inafuta majina yote, inauliza nani yuko, inaandika. Ukiiacha wazi tu ndipo haibadiliki, mpaka uifunge na kuifungua tena. Maman amepiga makofi.
Nimeifungua kuliko kazi ilivyotaka. Albertine, Osée, Rachida. Albertine, Osée, Rachida. Heri ile mbovu.

Ijumaa, 6 Juni
Idi. Aliahidi kuja. Nimepaka hina, nimepika wali na nyama aliyoniletea jirani yangu Kulthumu. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje – si yeye. Kulthumu akauliza, bwana yako iko wapi? Nikasema yuko njiani. Nimekula peke yangu, nusu sufuria imebaki. Nampenda, na nimechoka naye. Yote mawili.

Jumamosi, 7 Juni
Naandika kazini, daftari mapajani. Nimefungua menyu kumtafuta Papa Osée – na Zakari yupo! Chini kabisa, baada yangu. Nilipofungua alikuwa pale kweli, menyu hii haidanganyi tena. Ila sijaifunga. Kumwandikia ni lazima nibonyeze jina, na nikibonyeza menyu inajifunga. Kama ameshatoka, programu itaniambia palepale, hilo nalo nililiongeza Jumatano. Basi nimekaa hivi, mkono mmoja kwenye kipanya, mwingine kwenye kalamu. Ninaogopa.
Maman ameita kutoka ofisini kwake: «Rachida, Kolwezi nani iko?»
«Zakari iko, Maman.»
«Aa! Muulizeko basi, anarudia lini?»
Nimesema ndiyo. Sijabonyeza. Papa Osée amesimamisha mashine, anajifanya kupanga karatasi, lakini anasikiliza. Nje wanapakia kalenda kwenye gari. Maman ameita tena:
«Anasema nini?»
«Bado, Maman. Anaandika.»