Aliyejua Habari za Mwezi

Muyinga, 1 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona, na shuleni tunajiandaa kufungua. Sijui wewe na goti lako. Kwa kuwa simu yako bado mbovu, barua hii nampa Faida, yule Mkongomani wa vitenge anayekuja soko la Gitega, akupitishie.

Nina habari nzuri. Jumapili hii, tarehe saba, giza likianza kuingia, mwezi utapatwa. Dunia yetu itapita katikati ya jua na mwezi, kivuli chetu kiufunike mpaka uwe mwekundu kama tofali. Baadaye utarudi mweupe. Karibu yake utaona nyota ya manjano isiyometameta. Hiyo si nyota, ni sayari ya Zohali, dunia nyingine yenye pete. Nafundisha haya kila mwaka na bado yananisisimua. Natamani tungekaa wote uani. Waambie majirani mapema, wasije wakaogopa.

Mwanao, Jeska


Itaba, 11 Septemba 2025

Mwanangu Jeska,

Marahaba. Mwili haujambo, goti linasumbua asubuhi tu. Nafurahi kifua kimekuachia.

Nilifanya ulivyosema. Baada ya ibada nilisimama nikawaeleza watu. Wengine walicheka. Jioni mwezi ukapanda mzima, ukaanza kumegwa, ukaiva mwekundu. Zohali niliiona, mwanangu, imetulia kama taa ya mtu asiye na haraka. Nilifurahi kitoto.

Kumbe ng'ambo ya bonde watu wanalia. Mtoto mdogo wa Gervasi, aliyekuwa na homa, alikata roho mwezi ungali mwekundu.

Msibani nilipeleka maharage. Sufuria yangu ilirudi imejaa, hakuna aliyeonja. Gervasi akaniuliza mbele ya watu, "Mama Jeska, wewe ulijuaje?"

Nilitaka kukutaja, ulimi ukakataa. Nikasema, "Nilijua tu." Wakatazamana. Nyuma yangu mtu akasema kwa Kirundi, taratibu, "Murozi." Mchawi. Tangu siku hiyo nikienda kisimani, wanawake wananipisha wote.

Mama yako, Jovina


Muyinga, 18 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikashindwa kukaa. Unakula? Unalala?

Kwa nini hukusema ni mimi? Kupatwa kwa mwezi kunahesabiwa miaka mingi mbele, kama mkunga anavyohesabu miezi ya mimba. Hakuna anayeuita. Mtoto yule kaondoka na homa. Mwonyeshe mchungaji barua yangu. Jumamosi ijayo nitakuja mwenyewe na tochi na chungwa, niwaonyeshe kivuli kinavyopita, kama ninavyofanya darasani. Watoto wa darasa la saba wanaelewa, watu wazima watashindwaje?

Mwanao, Jeska


Itaba, 24 Septemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Ninakula kidogo. Nakuomba usije.

Sasa hivi niko peke yangu katika neno hili. Ukija na tochi yako tutakuwa wawili, mama mchawi na binti aliyemfundisha. Mimi nimeishi. Wewe bado.

Tena yametokea mengine. Jana mchana Melania, mke wa Gervasi, alikuja na mtoto aliyembakia mgongoni. Alipiga magoti mlangoni. "Mama, huyu niachie," akasema. Nikamwambia, "Melania, sina uwezo wowote. Mtoto anachemka. Mpeleke hospitali sasa hivi, usipite popote." Akaondoka mbio. Nimebaki naomba Mungu, na sijui naomba kwa ajili ya mtoto au kwa ajili yangu.

Mama yako


Itaba, 4 Oktoba 2025

Mwanangu Jeska,

Natumaini u mzima. Naandika kabla hujajibu kwa sababu Faida anapita leo.

Mtoto wa Melania amepona. Ilikuwa malaria, walimtundikia dripu. Nilidhani sasa yamekwisha. Kumbe wameanza kuniletea kuku. Mmoja ameniuliza kama mume wake atarudi kutoka Tanzania. Wananisalimu kwa mikono miwili bila kunitazama machoni. Mwanzo walikuwa wananiogopa na kunikwepa, sasa wananiogopa na kunijia, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Anayeaminiwa kuponya, siku mtoto akifa, ndiye aliyeua.

Na mvua imegoma. Mbegu zinakaangika ardhini. Gervasi amesema Jumapili ya tarehe kumi na mbili, baada ya ibada, watu wote watakuja niwatajie siku ya mvua. Kwenye vitabu vyako kuna habari hiyo? Kama ipo, nijibu upesi. Kama haipo, nijibu vilevile.

Mama yako


Muyinga, 7 Oktoba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Haipo. Mwezi una njia yake na hauiachi, ila mvua hata wenye mitambo ya hali ya hewa wanaikosea. Usitaje siku yoyote, hata wakikubembeleza.

Faida atakufuata Jumapili hiyohiyo, uondoke naye. Chukua unachoweza kubeba, mengine yaache. Leo mwanafunzi ameniuliza kama kupatwa kwa mwezi kunaleta kifo. Nilisema hapana, kisha nikafuta ubao wote kabla ya kengele.

Mwanao, Jeska


Musinzira, Gitega, 14 Oktoba 2025

Mwanangu Jeska,

Marahaba. Niko hai, niko chumbani kwa Faida, goti limevimba kwa kutembea.

Walikuja wote. Niliwaambia kweli tupu, "Sijui siku ya mvua. Hakuna anayeijua." Gervasi akasema, "Ametunyima." Hakupaza sauti. Wanaume wawili wakaenda kusimama kwenye njia ya kutokea.

Faida akanishika mkono. "Maman, twende. Mi siwezi kukuacha hapa." Lakini aliyetutoa ni Melania. Alijitwika mkeka wangu kichwani, akatangulia, akawapita wale wanaume, nasi tukamfuata. Hawakumgusa. Kwenye barabara alinipa mkeka akarudi bila kuaga.

Hatujafika mbali, mvua ikashuka. Mvua kubwa, Jeska, ya kuangusha migomba. Nyuma yetu kilima kizima kilipiga vigelegele. Wanashangilia mvua, au wanashangilia kuondoka kwangu? Kwao sasa ni kitu kimoja. Faida alicheka, akasema Mungu ametuona. Mimi nilitembea nikigeuka nyuma mpaka Gitega.

Maharage yataota. Kila yanapochipuka watasema walifanya vyema kunifukuza, na mwaka mvua ikichelewa tena watakumbuka ni nani wa kutafutwa.

Usiende Itaba kunichukulia kitu chochote. Endelea kuwafundisha watoto habari za mwezi, ni habari za kweli na ni nzuri. Ila usimwambie mtu mama yako anakaa wapi.

Mama yako, Jovina