Kitanda cha Chiriku

4 Machi

Mama Chiriku,

Salamu zangu zikukute salama, wewe na binti yetu. Mafua yake yamepona? Mimi mwili upo hapa tanurini, ila roho imekaa upande.

Naandika, dereva wa gari la mikate akuletee, kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana. Siku ile kwa afisa ustawi wa jamii nilitoa hati ya mshahara ya Desemba kwa sababu nilitaka uone uliachana na mwanamume anayejua kutafuta. Mwezi ule mwenzangu alikuwa mgonjwa, nikaoka zamu zake na zangu. Afisa akajumlisha changu na chako, akagawa mahitaji ya mtoto kwa kadiri ya anachopata kila mmoja, akapunguza kidogo kwa zile siku mbili za wiki Chiriku anazolala kwangu. Hesabu safi kabisa, ila ni ya mtu ambaye si mimi.

Twende pamoja tukamweleze. Nikienda peke yangu ataona nakwepa.

Baba Chiriku

9 Machi

Baba Chiriku,

Salamu tumezipata, ahsante. Mafua yameisha, sasa anaongea mpaka kuta zinaomba mapumziko. Mimi ni mgongo tu, pasi ya dobi haina huruma.

Nilikuona ulivyoitoa hiyo hati huku ukinitazama kwa pembeni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, bwana. Mwenye nyumba haniulizi Desemba ulipata ngapi. Nikimwambia afisa apunguze, atapunguza kwenye sahani ya nani? Lipa mwezi huu, mengine tutaona.

Mama Chiriku

2 Aprili

Mama Chiriku,

Hamjambo huko? Mimi nasukuma siku. Fedha umeipata? Ni yote, pamoja na ile ya nyuma. Usiniulize nimeitoa wapi.

Jumamosi hii usimlete Chiriku. Nimechukua zamu za ziada. Mwambie baba anampenda.

Baba Chiriku

20 Aprili

Baba Chiriku,

Mimi mzima, mtoto si mzima sana. Haumwi, ila Jumamosi ya tatu hii anavaa viatu, anabeba begi, anakaa mlangoni kukusubiri. Jana amekaa kimya. Chiriku, kimya! Umewahi kusikia?

Kama umepata mwanamke, sema. Mimi sina wivu, wivu wangu uliisha na sufuria ulizoondoka nazo. Lakini usimfiche mtoto baba yake.

Mama Chiriku

28 Aprili

Mama Chiriku,

Nakusalimu kwa aibu. Hakuna mwanamke. Niliuza kitanda. Kile cha Chiriku, nilichokipaka rangi ya njano, pamoja na godoro. Nilitaka kumlipia mtoto, nikauza mahali anapolala. Nikajiambia nitanunua kingine kabla hajajua, ndiyo maana nikawa nakuzuia usimlete.

Jana afisa amekuja kukagua. Akauliza mtoto analala wapi, nami nikatazama sakafu. Akaandika. Siku zake za kulala kwangu zimefutwa, na kwa kuwa halali tena kwangu, kiasi cha kulipa kimepanda. Nikilipa simpati, nisipolipa napelekwa mahakamani. Nazunguka chumbani natafuta cha kuuza, sikioni.

Nimeishiwa, mama. Si fedha tu.

Baba Chiriku

6 Mei

Baba Chiriku,

Pole. Naanza na pole kwa sababu barua yako imenikalisha chini, nikaunguza shati la mteja.

Nimekwenda kwa afisa. Nimemweleza kuhusu Desemba, na kitanda. Nikamwambia pia vichwa ninavyosuka Jumapili, ambavyo siku ile sikuvitaja, wakati wewe ulitaja mpaka jasho lako. Akasema hesabu inaweza kufanywa upya. Anataka hati zako za miezi mitatu, na tuwe wote wawili. Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Jumamosi nakuja na Chiriku na godoro lake la huku. Litabaki kwako, yeye na mimi tutabanana kitanda kimoja. Ungesema mapema, mwanamume wewe! Usinijibu. Fungua mlango tu.

Mama Chiriku

9 Mei

Baba Chiriku,

U mzima? Niambie hilo kwanza, mengine yatafuata.

Tumegonga mpaka mkono umeuma. Kufuli liko nje. Jirani yako anasema uliondoka Jumanne na begi, hukuaga. Dereva naye anasema kazini hukuonekana, ndiyo maana alisukuma barua yangu chini ya mlango. Bado ipo, naiona pembe yake kutoka hapa nilipopiga magoti. Hukuisoma. Hukujua kwamba nilikwenda.

Naisukuma na hii. Sina pengine pa kuituma.

Nilitaka tulirudishe godoro. Chiriku amelikalia, amekataa. Anasema afisa akija tena asikute huna. Jirani amekubali kulitunza, na mtoto amemwonyesha upande wa kichwa ni upi.

Jumatatu nitakuwa pale kwenye benchi. Njoo hata bila hati. Njoo hata bila kitu.

Mama Chiriku